Kilicho Kwenye Kopo ni Changu

Mwaka ule tulikula ndizi za pombe. Nikisema hivyo kwa mtu wa Ngara au wa Biharamulo aliyezeeka kama mimi, haniulizi ni mwaka gani, anashika shavu na kusema, "Yewe, usinikumbushe." Ndizi ya pombe ni ya kuivishwa shimoni, kukamuliwa na kunywewa. Haipikwi. Ukiipika inakuwa nyeusi, na ukiimeza inakamata ulimi kama mtu amekupaka utomvu kwa makusudi. Lakini jua lilikuwa limepiga ndizi za kupika mpaka mikungu ikatoka myembamba kama vidole vya mgonjwa, maharage yakaungua yakiwa na maua, na watu wenye heshima zao wakaanza kumenya ndizi za pombe wamefunga mlango ili jirani asione. Jirani naye alikuwa amefunga wake. Harufu ilitusema sote.

Wiki hii mwaka huo umenijia mpaka uani. Jeneroza, binti wa dada yangu Agripina, ametoka Nyamigogo kule Biharamulo kwa basi, akamalizia kwa pikipiki mpaka hapa kwangu Bukiriro, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Dada yangu amefariki. Wamemzika mimi nikiwa kitandani na malaria, siwezi hata kusimama, na sasa Jeneroza amekuja kunichukua niende kwenye kuondoa matanga. Alinikuta nyuma ya nyumba, chini ya migomba, katikati ya vyombo vyangu: ndoo zilizopasuka, madumu niliyoyakata vichwa, beseni lisilo na kitako, masufuria waliyounguza wajukuu wakicheza. Humo ndimo ninamootesha vitunguu, tangawizi, miche ya kahawa na ya parachichi, yote kivulini. Wajukuu wananicheka. "Bibi, una shamba zima, kwa nini unapanda kwenye ndoo?" Huwa nawajibu wakae kimya wamwagilie.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole yetu sote."

Tulilia kidogo, tukafuta. Kisha akatoa kwenye mkoba kifurushi cha jani kavu la mgomba lililofungwa kwa kamba ya mgomba, akaniwekea mapajani. Sikuhitaji kukifungua. Huku kwetu, kabla watu hawajajua kuweka kahawa kwenye kikombe, kahawa ilikuwa ya kutafuna. Inachemshwa na majani yenye harufu, inaanikwa, na mgeni akiingia anapewa punje. Waliogombana wakipatanishwa hutafuna pamoja. Ukiipokea na kuitafuna umesema mambo yamekwisha, na ukishasema hivyo, huwezi kurudi nyuma tena.

"Inatoka kwenye ile mibuni yenyewe," Jeneroza alisema. "Mama aliniachia maneno. Siku ya matanga, kabla mtu yeyote hajatafuna, atafune mdogo wangu Velediana. Akitafuna yeye, yatakuwa yamekwisha."

Mtu aliyesafiri hajibiwi akiwa na njaa. Nilimwekea uji, na wakati anaupuliza, mimi kichwani nilikuwa nimeshafika Nyamigogo.

Baba na mama nawaacha, hawahusiki. Nilikuwa msichana ambaye ameshaanza kufunga kanga vizuri lakini bado anapanda miti. Agripina alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, huyu huyu Jeneroza, na nilitumwa nikamsaidie. Nilifika juu ya lori la chumvi, midomo imechanika kwa upepo, nikamkuta amekaa mlangoni mwa jiko na mtoto kifuani. Alinitazama, akasema, "Njaa imekuacha na macho tu," akaingia, akakwangua chungu, akanipa ukoko wote. Ilikuwa ndizi ya pombe na dagaa waliokaribia kuwa vumbi. Mimi ukoko ule naukumbuka mpaka leo kuliko karamu za harusi za watoto wangu. Dada alikuwa hivyo. Chakula kikiwa kidogo, alikula akisimama, akisema ameshashiba kwa harufu, na kumbe amenigawia sehemu yake. Hilo nalisema kwanza ili msije mkadhani nilikuwa na dada mbaya. Ningekuwa na dada mbaya, yaliyofuata yasingeniuma. Mbaya akikuuma unafunga kidonda unaendelea na safari.

Nililazwa katika chumba cha majembe. Kulikuwa na mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyokaa mitupu mwaka ule kwa sababu ndizi zake tulikuwa tunazila. Hata hivyo harufu ilibaki kwenye udongo wa mitungi, na nilikuwa nikiamka kichwa kizito kama mlevi asiyekunywa. Ukuta mmoja ulishikana na jiko, na ukuta wenyewe ulikuwa wa fito na udongo uliopasuka, kwa hiyo la jikoni nililisikia nikiwa kitandani na la uani nililisikia nikiwa jikoni. Nyuma ya jiko kulikuwa na migomba mizee, imebanana, imefungana vichwa, hata mchana wa jua kali kule chini kulikuwa na ubaridi na giza la kijani. Hakuna aliyepalilia pale. Kuku walitagia humo, na shemeji yangu Leonsi, mume wa dada, alitupia humo vitu vilivyomchosha. Mimi nilipapenda siku ya kwanza tu. Palikuwa mahali pekee katika mji ule ambapo hakuna aliyeniita.

Haukupita muda mrefu mwenyekiti wa kijiji akaita watu. Kijiji kilikuwa kimefyeka pori upande wa bondeni, na kilitaka kahawa. Mwenyekiti alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kama ya kengele ya kanisa. Alisema, "Atakayeniletea miche yake mwenyewe, imesimama, iko tayari, masika yakianza namkatia shamba. Mwanamke, mwanaume, mwenyeji, mgeni, mimi sijali. Nataka kahawa, sitaki maneno." Wanawake walicheka wakapigana mabega. "Haya Agripina, kamwachie Leonsi mtoto, ukawe bwana shamba!" Mimi sikucheka. Kwetu Bukiriro mashamba yalikuwa ya kaka zangu, na kila mtu alijua. Nikiolewa, shamba litakuwa la mume, na hilo pia kila mtu alijua. Mahali popote duniani nilipokuwa nikisimama, nilikuwa nimesimama juu ya udongo wa mtu. Sasa huyu mfupi anasema miche inatosha. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kuna mlango nyuma ya kabati, na miaka yote amekuwa akifagia mbele yake.

Jioni hiyo, Leonsi akiwa anasafisha meno kwa kijiti, nilipiga magoti nikamwomba kivuli cha nyuma ya jiko. Alinitazama kama kuku aliyeuliza njia. "Uoteshe nini, wewe? Mitoto ya kahawa?" Akacheka, lakini hakuwa mkali. "Haya, weka makopo yako. Ila usitoboe ardhi yangu. Sikiliza sheria, shemeji, usije ukalia baadaye. Kilicho kwenye kopo ni chako. Kikishaingia ardhini ni cha mwenye ardhi." Halafu akamgeukia dada. "Umesikia, Agripina? Usije ukasema sikumwambia." Dada alikuwa akimnyonyesha Jeneroza. Alisema, "Nimesikia." Nataka neno hilo likae hapa, lionekane. Alisema amesikia.

Makopo yenyewe yalikuwa wapi, mwaka wa njaa? Kopo la mafuta lilikuwa mali, watu walichotea maji. Nikatumia mgomba. Unachukua mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, unavua magome ya shina, unayaanika kivulini yalegee, unakunja gome kama kikombe, unashona kwa uzi wa mgomba huo huo na chini unabana kwa kijiti. Kikijazwa udongo kinasimama. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa utomvu hadi viwiko, na utomvu wa mgomba hautoki nguoni mpaka nguo ife. Nilishona vikombe nikitwanga, nikishona nikibembeleza mtoto, nikishona njiani kutoka kisimani. Nikaongeza vigae vya mitungi, shingo za vibuyu, birika lisilo na mdomo, na buti moja la mvua ambalo Leonsi alilitupa baada ya mwenzake kupotea mtoni. Mbegu niliziokota chini ya mibuni mizee ya jirani, zile zilizoiva zikaanguka zenyewe, nikazimenya kwa vidole nikazikausha kwenye jivu. Basi nikangoja. Buni ina maringo. Mche huinuka kwanza umebeba punje yake kichwani, kama mwanamke atokaye kisimani na mtungi, na unakaa hivyo, unakaa, mpaka unaanza kuutukana. Halafu asubuhi moja unautua mtungi na kufungua majani mawili, mabichi, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Nilipiga kelele. Dada alikuja mbio akidhani nyoka. Alipoona ni majani tu, alichuchumaa karibu yangu, tukatazama pamoja, akasema, "Vele, hawa ni watoto kweli."

Aliyenipa mbolea alikuwa Mama Masanja, Msukuma aliyehamia na mumewe na ng'ombe kutoka Shinyanga, wakajenga ng'ambo ya kijito. Watu wa pale waliwacheka kwa kula ugali kila siku, nao walitucheka kwa kula ndizi kila siku. Alikuja na ungo umejaa samadi, akautua, akashika kiuno, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka! Njoo, shika. Kwa mkono, siyo kwa kijiti. Ninyi watu wa ndizi mnaogopa mavi ya ng'ombe kama vile ng'ombe atarudi kuyadai!" Nilishika. Alizunguka akikagua vyombo vyangu, akafika kwenye buti akacheka hadi akakaa chini. "Binti, na huyu askari je, naye anataka shamba?" Tukamwita Askari tangu siku hiyo, mche wa kwenye buti. Hata Leonsi, akipita, alimpigia saluti. Maji nayo yalikuwa ya shida, nilimwagilia kwa yale ya kuoshea ndizi na ya kumwogeshea mtoto, kwa hiyo Jeneroza huyu anayepuliza uji mbele yangu, miche ile ilikunywa maji yake. Hajui. Sikuwahi kumwambia.

Mvua za vuli zilikuja kwa uchoyo lakini zilikuja, na watu wakapata kiasi cha ndizi cha kukamulia. Siku hiyo nilikuwa jikoni na dada, mchana, tunachambua dagaa. Uani Leonsi alikaa na shangazi yake, mama mmoja mzee mwenye shingo ndefu, wanafyonza rubisi kwa mirija kutoka mtungi mmoja. Ukuta uliopasuka ulituletea kila kitu.

"Watatu," shangazi alisema. "Watatu, na wote wa kike. Mwanamke huyu anakuzalia wageni, Leonsi. Wataondoka wote, ubaki unafukuza inzi."

"Ndivyo Mungu alivyotaka, shangazi."

"Mungu gani? Mungu amekupa macho. Kuna mabinti wamejaa Nyakahura huko. Au umeogopa?" Alifyonza, akasikika akimeza. "Sikuambii umfukuze. Nakuuliza tu, ameleta nini katika mji huu? Huyo mdogo wake amekuja juzi, tazama alivyojaza miche chini ya migomba. Miche kama ile ingekuwa kwenye ardhi yako, ningenyamaza. Ningesema, basi, mke wako ana mkono."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameshika dagaa mmoja, anamkata kichwa ambacho alishakikata. Nikanong'ona, "Umesikia hao?" Akatabasamu. Ninalijua tabasamu lile, ningelichora ningejua kuchora. Akasema, "Waache walevi. Miche ni yako. Mimi nipo." Basi mimi nikarudi kwenye dagaa wangu nimetulia kama mtu aliyefungiwa mlango na komeo. Mimi nipo. Nimeishi, nimezaa, nimezika mume, nimesikia ahadi za wagombea na za wakwe, na sijasikia maneno mawili yaliyonilaza usingizi mzuri kama yale.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, miche ilikuwa imefika gotini mwa mtoto, shina limekaza. Mwenyekiti alishapita akaiona, akabinua mdomo, akasema, "Huyu msichana ananitisha. Siku ya kugawa aje asimame mbele." Baada ya hapo dada akaniambia niende Bukiriro nikalete mbegu za maharage ya mama, kwa sababu ya Nyamigogo yameoza. "Utarudi kabla ya kugawa," alisema, "na shambani kwako utapanda nini katikati ya kahawa, kama huna maharage?" Shambani kwako. Alisema hivyo. Alinichomea ndizi, akaniwekea na karanga kwenye kifundo cha kanga, karanga sijui alizitoa wapi mwaka ule. Akanisindikiza mpaka barabarani Jeneroza akiwa mgongoni kwake, tukingoja lori, akanitengeneza nywele zilizotoka kwenye kilemba, akanicheka kwamba nanuka samadi. "Nani atamwagilia?" nilimuuliza. "Mimi nipo," akasema. Lori lilipoondoka alipunga mkono mpaka vumbi likamla. Nimejaribu miaka yote hii kuutazama mkono ule vizuri. Ulipunga kama kawaida. Haukutetemeka. Ningependa uwe ulitetemeka.

Niliporudi, mvua ilikuwa imeshapiga mara mbili tatu. Nilipita moja kwa moja nyuma ya jiko hata kabla ya kutua maharage. Kulikuwa na duara chini, duara nyingi kavu, mahali ambapo kila kikombe kilikuwa kimekaa na mvua haikugusa. Vigae vilikuwa vimepangwa pembeni vizuri, vimesuguliwa, kama vyombo baada ya chakula. Birika lilikuwa tupu. Nikawaza wezi, nikawaza mbuzi, nikapiga kelele, "Dada! Dada, wameiba!" Hakuna aliyeitika. Katikati ya duara zote alisimama Askari peke yake kwenye buti lake.

Mama Masanja ndiye aliyenijibu. Alikuwa amenisikia kutoka ng'ambo ya kijito, akaja, safari hii bila salamu na bila utani. "Usiite wezi, binti. Pita huku." Akanishika mkono akanipeleka kwenye kipande kipya cha Leonsi, kile kilichopakana na nyumba. Miche yangu ilikuwa mle, imepandwa kwa mistari, imewekewa nyasi miguuni, imenyweshwa. Na kazi ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililonimaliza. Mashimo yalikuwa na kina cha kutosha. Hakuna mche ulioinama. "Nilidhani mmeafikiana," Mama Masanja alisema. "Alichimba mwenyewe, mtoto yuko mgongoni. Mume alikuwa amekaa pale juu ya kinu, anatazama." Nikapiga magoti nikachimbua kwa vidole pembeni mwa mche mmoja nitafute kikombe changu, nione kushona kwangu. Gome la mgomba likishalowana udongoni halidumu. Nilitoa ute mweusi na uzi mmoja. Ningetumia makopo ya mafuta, asingeweza kuipanda bila kuitoa kwenye kopo, na kopo lingebaki, ningelishika ningesema hili hapa. Lakini nilikuwa nimeishonea miche nguo ambazo ardhi inazila.

Siku ya kugawa nilikwenda hivyo hivyo, mikono mitupu, nikasimama mbele kama nilivyoambiwa. Mwenyekiti akaniuliza, "Miche yako iko wapi, binti?" Nikamwambia twende. Akaja, na watu wakamfuata, kwa sababu watu wakisikia ugomvi hata mgonjwa anapona. Akasimama kwenye mpaka wa kipande kile akatazama mistari ile. "Hii naijua," alisema. "Niliiona chini ya migomba. Iko kwenye ardhi ya nani?" Leonsi akasema, "Yangu, mwenyekiti. Na sheria yetu unaijua." Mwenyekiti aliijua. Wote waliijua. Bado ilibaki njia moja, na mwenyekiti, namshukuru, aliitafuta. Alimgeukia dada yangu, akamuuliza polepole, siyo kwa ile sauti ya kengele. "Agripina. Hebu sema wewe. Miche hii ni ya nani?"

Dada alikuwa amesimama karibu na shangazi mwenye shingo ndefu. Alimpandisha mtoto mgongoni, akafunga kanga, akafungua, akafunga tena. Hakunitazama.

"Ni ya hapa," alisema.

Mama Masanja akaruka. "Ya hapa? Ya hapa wapi? Samadi ni ya ng'ombe wangu, mikono ni ya binti huyu, mbona mnafumba macho ya watu mchana?" Mtu mmoja akamwambia arudi kwa ng'ombe wake, mambo ya wenyeji hayamhusu, na watu wakacheka. Mwenyekiti alikohoa, akasema miche iliyo ardhini haing'oi mtu, na kwamba nikiotesha mingine mwaka kesho atanikumbuka. Huo mwaka kesho ulipofika, pori lilikuwa limekwisha kugawanywa lote. Wakaondoka. Mvua ikaanza, nzuri, ya kukaa, mvua ambayo mkulima angeinamisha kichwa aishukuru.

Jikoni, dada aliongea nikiwa nafunga nguo zangu upande wa pili wa ukuta. Hakuja kuniona, aliongea na moto. "Vele, nimezaa watatu. Umewasikia wenyewe. Wewe ni msichana, utaolewa, utapata. Mimi angeniletea mke mwenzangu, ningekwenda wapi na watoto hawa? Kahawa ile ndiyo mtoto wa kiume niliyempa." Nilisikia kila neno, na kila neno lilikuwa la kweli. Nawaambia wajukuu zangu wa kike, ogopeni sana mtu anayewaibia akiwa na sababu ya kweli, maana mwizi mwenye uongo mtamshinda. Angeniomba, je? Nimejiuliza. Angeniambia, "Mdogo wangu, naogopa, nipe nusu," ningempa nusu, labda na zaidi. Hakuniomba. Alinipa karanga.

Leonsi ndiye aliyesimama mlangoni nilipotoka na mzigo kichwani. Alikuwa na aibu kidogo, na alitaka kuimaliza kiume, kwa sauti kubwa, watu wa uani wakisikia. "Shemeji, usiondoke na kinyongo. Ikizaa, punje za kwanza nakuletea mimi mwenyewe mpaka Bukiriro. Utafune, yaishe." Dada alikuwa nyuma yake, vidole vimeshikana, na kwenye kucha zake udongo wa yale mashimo ulikuwa haujatoka. Nikamwonyeshea Leonsi dada yangu kwa mdomo, nikasema, "Kahawa hiyo siitafuni. Mpe aliyeipanda." Kisha nikazunguka nyuma ya jiko nikambeba Askari na buti lake. Leonsi akafungua mdomo kusema buti ni lake. Nikamtazama. "Kilicho kwenye kopo ni changu," nikamwambia. Akafunga mdomo.

Miaka ilikwenda. Mungu ana utani wake: mwaka uliofuata, kahawa haijatoa hata ua, Agripina alizaa mvulana. Kijana huyo alipokua aling'oa nusu ya mibuni ile akapanda miti ya mbao. Dada alikuja harusini kwangu, nikaenda kwake alipofiwa na Leonsi, tulilala kitanda kimoja, tulisukana nywele, tulicheka mambo ya mama. Hatukulitaja. Kila nilipofika kwake alitoa kahawa kwenye kikapu kidogo, aliipitisha kwa wageni, na ikifika kwangu aliiruka mikono yangu akampa anayefuata, haraka, kana kwamba ni kwa bahati mbaya. Alijua. Huo ndio ulikuwa mkataba wetu, na tuliutunza vizuri kuliko ndoa. Askari alikaa kwenye buti, kisha kwenye debe, kisha kwenye pipa lililopasuka, nyumbani kwa mume wangu, watu wakicheka. Hakugusa ardhi mpaka siku niliyopata kipande hiki kwa jasho langu na jina langu. Sasa ni huyu hapa, mzee, amepinda mgongo, vyombo vyangu vyote viko chini ya kivuli chake na cha migomba.

Jeneroza alimaliza uji. Alilamba kijiko, akakiweka, akakichukua tena kifurushi kutoka mapajani kwangu, akakifungua kwa adabu, kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na mama yake. Punje zilikuwa nyeusi, zimekauka vizuri, zinanukia. Alikuwa na uso wa dada yangu, hasa alipoinamisha macho.

"Nitakuja matangani," nilimwambia. "Nimeshafunga kanga zangu. Nitalia mpaka watu wanizuie, maana alikuwa dada yangu na alijinyima chakula chake mwenyewe akanipa mimi. Wewe nilikubeba mgongoni, utanishika mkono kwenye basi."

"Ndiyo, mama mdogo. Na hii?" Akanisogezea. "Alikuwa anakuomba. Siku za mwisho alikuwa anakuita kwa jina. Punje moja tu, mama mdogo. Mtu mwenyewe ameshaingia ardhini."

"Najua alipo," nikasema.

Nilikifunga kifurushi mwenyewe, taratibu, nikakaza kamba, nikamrudishia mkononi nikamkunja vidole juu yake.

"Kahawa hiyo siitafuni. Mpe aliyeipanda."